Siku Zako Zikichelewa, Shika Kalenda Kabla ya Kushika Dawa

Nina cherehani yangu Busia, upande wa Uganda, kwenye baraza ambayo malori ya mpakani huipita yakinguruma mchana kutwa. Wanawake huja kwangu kwa gomesi, kwa sare za watoto, kwa magauni ya harusi. Kwa miaka yote hii nimeona kwamba utepe ukishazungushwa kiunoni, mwanamke hutoa neno ambalo hajamwambia hata mumewe. "Mama, hapa niachie nafasi kidogo. Sijui mambo yatakuwaje." Sihitaji kuuliza zaidi. Siku zake zimechelewa.

Wiki kadhaa zilizopita alikuja binti mmoja anayetoa na kutuma pesa kwa simu, hapo karibu na stendi. Mkononi alishika karatasi ya gazeti iliyokunjwa vizuri, ndani yake unga wa mizizi. Jirani alimwambia auchemshe, anywe asubuhi na jioni ili tumbo lisafike. Nikamuuliza amechelewa muda gani. Siku tisa, akasema. Nikamuuliza siku zake za mwisho zilianza tarehe ngapi. Katikati ya mwezi uliopita. Katikati, tarehe ngapi? Akanyamaza. Basi zile siku tisa alizihesabu kutoka wapi?

Nilimwomba auweke ule unga pembeni, tukakaa tukatafuta tarehe. Akakumbuka kwamba siku ilipoanza, maumivu yalimfanya afunge kibanda mapema. Tukafungua kumbukumbu za simu yake ya kazi: muamala wa mwisho saa saba mchana, tarehe 12. Tulipohesabu kuanzia hapo, alikuwa siku ya 33. Kesho yake asubuhi akapima mimba, hakuna. Siku nne baadaye damu ikaja yenyewe.

Sasa fikiria angekuwa amekunywa ule unga. Leo angekuwa anaapa kwamba unga ndio ulioishusha damu, na mwenzake akichelewa angemkatia nusu. Hivi ndivyo dawa za namna hii zinavyopata sifa mtaani. Mwanamke anakunywa, hedhi iliyokuwa njiani inafika, dawa inashukuriwa. Yule aliyeumia, aliyetokwa na damu usiku kucha, huyo hasemi hadharani, kwa hiyo hatumsikii.

Tuanze na hesabu, maana watu wengi hawakuwahi kufundishwa. Siku ya kwanza ya mzunguko ni siku damu inapoanza kutoka vizuri, si yale matone ya jana yake. Unahesabu kutoka hapo mpaka siku moja kabla ya damu nyingine kuanza. Kwa mtu mzima, mzunguko wa siku 21 hadi 35 ni wa kawaida. Nina daftari la wateja, na ukurasa wa nyuma ni wangu mwenyewe. Mwaka mmoja niliandika hivi: tarehe 3 mwezi wa tatu, tarehe 1 mwezi wa nne, tarehe 2 mwezi wa tano, tarehe 29 mwezi huohuo wa tano. Mtu akiangalia tarehe tu atasema mwili umechanganyikiwa, mwezi wa tano damu mara mbili. Hesabu siku: 29, 31, 27. Hakuna kilichoharibika. Mwezi wa kalenda ni kitu kimoja na mwezi wa mwili ni kitu kingine, na mwanamke anayesubiri damu tarehe ileile kila mwezi atajiona amechelewa mara nyingi bila sababu.

Jambo la pili lilinichukua miaka kulielewa, na nadhani lingenipunguzia machozi mengi kama ningelijua mapema. Mzunguko una nusu mbili. Ya kwanza ni ya kulikomaza yai, ya pili huanza yai likishatoka. Nusu ya pili haibadiliki sana, huwa kama siku 14 hivi. Nusu ya kwanza ndiyo inayovutika kama lastiki. Malaria, msiba, njaa, mtihani, safari ndefu: haya yote yanaweza kuuambia ubongo usitoe yai kwanza, usubiri. Kwa hiyo mara nyingi hedhi ikichelewa, kilichochelewa ni yai.

Chukua mwanamke ambaye kawaida damu inampata siku ya 29, yaani yai hutoka karibu siku ya 15. Mwezi huu malaria imemshika siku ya 12, amelala wiki nzima. Yai linatoka siku ya 25. Damu itakuja karibu siku ya 39, siku kumi za kuhangaika, na hana ugonjwa wowote. Lakini angalia upande mwingine wa hesabu hiyohiyo. Kama alikuwa anategemea siku salama, na siku ya 24 akalala na mumewe akijua hatari imepita, anaweza kushika mimba. Mbegu za mwanamume huishi tumboni hadi siku tano. Na akipima siku ya 32 atapata jibu la hapana, kwa sababu mimba yenyewe ina wiki moja tu na haijaanza kutoa homoni ya kutosha kuonekana kwenye mkojo. Atatupa kile kikaratasi, atakunywa vidonge vya chochote, na kumbe ana mimba.

Ndiyo maana ninasema: ukipima ukapata hapana na damu bado haijaja, pima tena baada ya wiki moja. Usipime mara moja ukafunga kesi.

Kupima kwenyewe si jambo kubwa, ila watu wanalikosea. Vile vikaratasi vinauzwa kila duka la dawa, na bei yake haizidi rolex moja ya barabarani, ile chapati ya kukunjia mayai. Angalia tarehe ya kuisha muda kwanza. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi, kwa sababu umekaa usiku kucha na homoni imejikusanya. Ukinywa maji mengi kabla, unaichuja. Mimi hutumia kifuniko kisafi cha chupa. Unachovya mpaka ule mstari uliochorwa, usiupite, unahesabu sekunde zilizoandikwa kwenye pakiti, halafu unalaza pale pakavu. Mstari mmoja wa juu ni wa kuonyesha kipimo kinafanya kazi. Usipotokea huo, kipimo kimeharibika, hata kama mwingine umetokea. Mistari miwili ni mimba, na wa pili ukiwa hafifu kama uzi wa pinki uliofuliwa mara nyingi, bado ni mimba. Soma ndani ya dakika tano. Kikaratasi ulichokisahau dirishani mpaka jioni kinaweza kuonyesha kamstari ka kijivu, na hako si jibu.

Nina sababu ya kuongea sana kuhusu kupima. Nilipokuwa na miaka 17, nikiwa shule ya bweni, sikuona siku zangu miezi miwili. Ulikuwa wakati wa mitihani, tunalala saa chache, chakula ni uji asubuhi na posho, yaani ugali, kidogo jioni, nami nilikuwa nimekonda mpaka sketi nilikuwa naifunga kwa pini. Sikuwa nimemjua mwanamume. Niliitwa ofisini, nikapimwa mbele ya wanawake wawili waliokuwa wanacheka, na jibu lilipokuwa hapana hakuna aliyeniomba radhi wala kuniuliza kama ninakula. Nilirudi nyumbani likizo, mama akanilisha mwezi mzima, ndizi, karanga, samaki, nikalala usingizi wa kutosha. Damu ikarudi. Mwili wenye njaa huacha kwanza kazi ya uzazi, kwa sababu hauna cha kumlisha mwingine. Mzazi, msichana wako akikosa hedhi, kipimo cha mimba kina nafasi yake na hakuna aibu ndani yake. Lakini mpime kwa siri, na baada ya hapo endelea kumuuliza. Anakula? Analala? Kuna mtu anamsumbua? Shangazi, ambaye Waganda humwita ssenga na humpa kazi ya kuongea na wasichana mambo haya, ni mtu wa thamani sana hapa, akiwa ni yule anayesikiliza.

Lipo jambo moja ambalo lazima niliseme polepole, kwa sababu lilikaribia kutuulia mtu nyumbani.

Wifi yangu alichelewa wiki mbili. Halafu yakaja matone, meusi meusi, kidogo, siku tatu. Akafurahi, akasema zimekuja. Siku ya nne alikuwa kwangu ananisaidia kushona vifungo. Akasema ubavu wa chini kulia unamchoma. Baadaye akasema bega linamuuma, akadhani ni kwa kuinama. Aliposimama kwenda kunywa maji, akashika mlango. Uso ulikuwa na jasho na baridi kama chuma asubuhi. Tulimweka kwenye bodaboda katikati ya mimi na dereva, nimemkumbatia asianguke, hospitali. Mimba ilikuwa imetunga kwenye mrija, nje ya mfuko wa uzazi, na mrija ulikuwa umepasuka. Walimfanyia upasuaji usiku uleule. Alipoteza mrija mmoja. Leo ana mtoto wa kiume anayekwenda shule ya chekechea, kwa mrija uliobaki.

Mimba za namna hii si nyingi, ni kama moja au mbili katika kila mimba 100, lakini haziwezi kukua zikafika popote, na zikipasuka damu humwagikia ndani ambako huioni. Kwa hiyo: umechelewa, kisha ukaona damu isiyo kama ya kawaida yako, na tumbo la chini linauma upande mmoja, au bega linauma bila sababu, au unaona kizunguzungu ukisimama. Usisubiri asubuhi. Usimeze panadoli ukalala. Nenda mahali penye chumba cha upasuaji. Kwetu Uganda hiyo ni hospitali, au kituo cha afya cha daraja la nne. Na ukifika, sema tu hivi: "Siku zangu zilichelewa." Sentensi hiyo inabadilisha jinsi utakavyopokelewa. Ambaye aliwahi kuugua maambukizi ya zinaa yaliyopanda mpaka kwenye mirija yumo hatarini zaidi, hata kama alishapona.

Tuje kwenye sindano, maana nusu ya maswali ninayoulizwa ni ya sindano. Ile ya kuzuia mimba ya miezi mitatu, depo. Wanawake wengi wakiitumia mwaka mmoja, karibu nusu yao hawaoni damu kabisa. Mtaani utaambiwa damu inajikusanya tumboni na itakuletea uvimbe. Si kweli. Sindano inafanya ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi ubaki mwembamba, na kusipojengwa ukuta hakuna cha kubomoka. Damu haipo mahali popote inakusubiri.

Kinachosumbua ni kuiacha. Nilipokuwa na miaka 31 niliacha sindano kwa sababu tulitaka mtoto wa pili. Nilidhani mwezi unaofuata nitaona siku zangu. Hakuna aliyeniambia kwamba kwa wastani rutuba hurudi miezi tisa au kumi baada ya sindano ya mwisho, na kwa wengine hufika mwaka na zaidi. Mwezi wa tano mama mkwe alianza kuuliza. Mwezi wa saba nilipelekwa kwa mtu wa kuangalia nyota, nikalipa pesa ya magauni matatu, nikatajiwa jirani niliyekuwa ninampenda kwamba ndiye chanzo. Mwezi wa tisa damu ikaja, ya kawaida kabisa. Yule jirani mpaka leo sikuwahi kumwambia kwa nini nilimnunia miezi ile, na inaniuma. Kama unapanga kushika mimba mwakani, zungumza na nesi sasa kuhusu njia ambayo rutuba hurudi haraka ukiiacha, kama vidonge, vijiti vya mkononi au koili.

Vijiti navyo huvuruga tarehe, damu huja ovyo au hukauka, na mara nyingi si ugonjwa. Ila kama unatumia dawa za kifua kikuu zenye rifampicin, au dawa za HIV zenye efavirenz, mwambie anayekuhudumia, kwa sababu dawa hizo hupunguza nguvu ya kijiti na unaweza kushika mimba ukiwa nacho mkononi. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, wale wenzetu wa ng'ambo ya mpaka, Kenya, wanaviita P2, vinaweza kusogeza hedhi mbele au nyuma kwa siku kadhaa. Ikipita wiki moja kutoka siku uliyoitarajia, pima.

Anayenyonyesha yuko kwenye hesabu yake mwenyewe. Kama mtoto hajafikisha miezi sita, ananyonya maziwa ya mama pekee mchana na usiku, na damu haijarudi, nafasi ya kushika mimba ni ndogo sana. Likivunjika moja kati ya hayo matatu, kinga imekwisha. Na yai hutoka kabla ya damu ya kwanza, kwa hiyo wengi hubeba mimba bila kuona hedhi kati ya mtoto na mtoto.

Ukishatoa mimba, sindano na kunyonyesha kwenye orodha, yanabaki mambo yanayohitaji daktari, na hapa mimi si wa kukupa jina la ugonjwa. Nakutajia tu dalili zinazostahili kupelekwa. Nywele zinazoota kidevuni na kifuani, chunusi zisizokoma na hedhi za kuruka miezi: hiyo huenda ni hali ya homoni ambapo mayai hayakomai vizuri, na shirika la afya duniani linasema inawapata wanawake kati ya 6 na 13 katika kila 100, wengi wao bila kujua. Shingo iliyovimba, moyo kwenda mbio, au uchovu na baridi isiyoelezeka: tezi ya shingo. Maziwa yanayotoka ilhali hunyonyeshi: wakati mwingine ni dawa, zikiwemo baadhi ya dawa za maradhi ya akili, na usiziache mwenyewe, rudi kwa aliyekuandikia. Hedhi iliyopotea baada ya kusafishwa kizazi: huenda kuta zimeshikana. Hedhi isiyorudi, na maziwa hayakutoka, baada ya kujifungua ukapoteza damu nyingi mno: hilo nalo liseme, wengi hawalisemi.

Muda wa kusubiri ni huu. Aliyekuwa na mpangilio mzuri, akikosa miezi mitatu bila mimba, aende. Ambaye siku zote ni za kurukaruka, miezi sita. Msichana ambaye amefika miaka 15 hajaona hata mara moja, apelekwe.

Wengi huogopa gharama. Ada za matibabu kwenye vituo vya serikali Uganda zilifutwa mwaka 2001. Najua utakuta foleni, najua siku nyingine dawa imekwisha na unatumwa duka la nje. Bado, kuanza kituo cha daraja la tatu kupimwa mkojo na kuongea na mkunga ni rahisi kuliko mizizi ya gazetini. Ukiona aibu kwenda, wahudumu wa afya wa kijiji, VHT, wapo karibu, na wengi ni akina mama kama wewe.

Na ukienda popote, tarehe itangulie. Nikiwa na mimba ya kwanza, kabla sijaijua, nilitibiwa taifodi wiki tatu kwenye kliniki ndogo kwa kichefuchefu. Hakuna aliyeniuliza siku zangu za mwisho, nami sikujua kwamba nilipaswa kusema. Mtoto alizaliwa salama, namshukuru Mungu, lakini zipo antibayotiki zisizomfaa mjamzito, na wiki zile za mwanzo ndizo uti wa mgongo wa mtoto hujengwa, ndipo foliki asidi inahitajika zaidi. Tarehe hiyohiyo ndiyo mkunga atakayotumia kukadiria siku ya kujifungua: ongeza siku 7 na miezi 9. Siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho ikiwa tarehe 3 mwezi wa tatu, tegemea tarehe 10 mwezi wa kumi na mbili.

Binti yangu alianza akiwa na miaka 13. Nilimnunulia daftari dogo kabla sijanunua kitu kingine. Miaka ya mwanzo mzunguko unaweza kuwa wa siku 21 mpaka 45, kwa hiyo akiniambia ni siku ya 40 simkodolei macho. Anaandika mwenyewe, nami silifungui bila ruhusa yake.

Langu mimi limeanza kuwa na nafasi tupu. Nina miaka 46. Mwaka jana niliruka miezi miwili, nikapata damu, nikaruka tena. Usiku naamka nimelowa jasho, nafungua dirisha. Umri huu mayai hutoka siku yanapotaka, na hapo ndipo wengi wetu hushtukizwa na mimba tukidhani mlango umefungwa. Mlango huhesabiwa kufungwa ikipita miezi 12 mfululizo bila damu, na damu yoyote itakayokuja baada ya hapo ni ya kupeleka hospitali mara moja. Sasa niko mwezi wa nne. Juzi nilipima, jibu ni hapana, na kikaratasi cha wiki ijayo kiko kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo.